Swichi Yetu Ilikuwa kwa Mama Atieno

Juzi niliunguza blauzi. Simu iliita nikiwa napiga pasi, nikageuka kuipokea, na nilipokumbuka blauzi ilikuwa imeshaanza kutoa moshi. Harufu ya kitambaa kinachoungua huanza na utamu kidogo, kama mkate uliosahauliwa jikoni, halafu hukukaba kooni. Nilizima pasi, nikafungua dirisha, kisha nikafanya jambo ambalo mwanangu wa miaka minne aliliona la ajabu: nilimshika kidevu nikamwambia acheke. Akacheka. Pande zote mbili za mdomo zilipanda sawasawa, nikamwachilia. Aliniuliza, "Mum, kwani nimefanya nini?" Nikakosa pa kuanzia.

Pa kuanzia ni kwenye swichi.

Nilipokuwa darasa la tano tulikaa Mashimoni, Kibera, katika chumba kimoja kilichotenganishwa na cha Mama Atieno kwa ukuta wa mabati tu. Sisi ni Wakamba wa Machakos, wao ni Wajaluo kutoka upande wa ziwa, na hata kikohozi kilivuka ukuta ule bila kubisha hodi. Stima tuliwekewa na kijana aliyeitwa Oti, fundi aliyevaa gambuti hata jua likiwaka, na glavu moja tu, ya mkono wa kushoto. Siku aliyotuunganishia alikuwa na haraka. Alipomaliza, balbu yetu iliwaka vizuri sana, ila swichi yake ilikuwa chumbani kwa Mama Atieno, na swichi ya balbu yao ilikuwa kwetu, juu ya kitanda changu. Aliahidi kurudi kubadilisha. Mpaka tunahama pale, hakuwa amezibadilisha.

Watu huzoea. Tukitaka kuzima taa, tuligonga ukuta mara mbili na kusema, "Mama Atieno, tuzimie," naye kwanza angeuliza kama tumemaliza kula, kama sufuria zimefunikwa, na kama Mwende, yaani mimi, amefanya homework. Akiridhika, anazima. Nasi tuliwafanyia vivyo hivyo. Wakati mmoja Mama na Mama Atieno walinuniana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na kwa siku tatu nyumba zote mbili zilikaa na taa mchana na usiku, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kugonga. Mimi nilikua nikijua kwamba ndivyo dunia ilivyoundwa: kitu chako huwashwa na kuzimwa kutoka upande wa pili. Msichana mmoja darasani aliponiambia kwamba swichi ya kwao iko ndani ya nyumba yao wenyewe, nilimwona mwenye maringo.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Kibanda chake kilikuwa mbele ya ploti, kando ya njia, na ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, pasi ya makaa, na mlima wa nguo ambazo hazijaisha. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kufunga na kuomba, asiyesema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa, isipokuwa ule wa kazini. Uongo wa kazini ulikuwa neno moja. Fundi, sketi ya mtoto? Kesho. Fundi, suruali ya mzee? Kesho. Fundi, hii gauni si ulisema ni leo? Kesho, mama, kesho mapema. Hata sketi yangu ya shule ilikuwa mahali fulani kwenye ule mlima. Kitambaa kilinunuliwa nikiwa darasa la nne, na kila nikiuliza nilijibiwa kama mteja mwingine yeyote. Nilivaa ya zamani, iliyokuwa imeshapanda juu ya magoti na ilikuwa ikiendelea na safari.

Ugonjwa ulimshika asubuhi moja ya wiki ya kufungua shule, wakati wazazi wanajaa pale kibandani kama nzi. Baadaye tulihesabu waliopita: walikuwa watano. Wote waliulizia nguo zao, wote walijibiwa kesho, wote wakaondoka wamekasirika kama kawaida yao. Hakuna hata mmoja aliyegundua kitu. Mama wa pale kwenye kioski cha maji alisema kwamba, kusema kweli, siku hiyo fundi alikuwa mpole kuliko siku zote, hakuongeza visingizio.

Nilifika saa saba nikitoka shule. Mama alikuwa ameenda kufulia watu nguo mtaani. Nilimuuliza Baba kama amekula.

"Kesho," akasema.

Nikacheka. Nilimuuliza Mama anarudi saa ngapi. Kesho. Nikamuuliza, kwa kumchokoza, mimi ni nani. Alinitazama kwa muda mrefu, akavuta pumzi kama mtu anayeinua debe la maji, akasema, "Kesho." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilidhani anacheza na mimi, na Baba hakuwa mtu wa kucheza, kwa hiyo nilijiona mtoto mwenye bahati. Kicheko kile kinaniuma hadi leo, na sitajifanya hakiniumi.

Halafu nikasikia ile harufu. Pasi ilikuwa imelala juu ya sketi ya mtoto wa watu, moshi unapanda, na mkono wa kulia wa Baba ulikuwa umeegemea ubavuni mwa ile pasi, kwenye chuma chenyewe. Hakuutoa. Aliuangalia kama mtu anayeangalia jambo la jirani lisilomhusu. Nilipoinua uso nikaona upande wa kulia wa mdomo wake umelegea, na mate yanatiririka taratibu hadi kwenye kola. Nilipiga yowe. Mama Atieno, aliyekuwa anapanga omena mlangoni, alikuja mbio na mikono yake ya samaki, akamwamuru mvuta mkokoteni wa maji ashushe mitungi yote hapo hapo, na Baba akapelekwa hospitalini kwenye mkokoteni uliolowa, amekaa wima, akiwaambia waliopishana nao kesho, kesho.

Aliporudi baada ya siku kadhaa, mguu wa kulia aliuburuta, mkono wa kulia ulining'inia na bandeji yake, na maneno yote yalikuwa yamekwisha isipokuwa lile moja. Alilitumia kwa kila kitu. Chai ilikuwa kesho, choo kilikuwa kesho, Mama alikuwa kesho. Wakati mwingine alilia akilisema, maana kichwani alijua anachotaka, na mdomoni likatoka lile lile.

Baba mkubwa Mutua, kaka yake Baba, alikuja kutoka Machakos na koti lake la suti, akakaa kwenye stuli moja tuliyokuwa nayo, akaamua. Alisema fundi asiye na mkono na asiye na maneno hana kazi Nairobi. Angetupa muda mpaka shule zifungwe. Kama Baba angekuwa bado vilevile, cherehani ingeuzwa, nyumba ingerudishwa kwa mwenyewe, na sote tungehamia Machakos kwa nyanya. Mama alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilitoka nje nikalilia nyuma ya choo. Nilikuwa nalilia shule, nalilia Atieno rafiki yangu, lakini zaidi nilikuwa nalilia ile cherehani. Baba bila cherehani nilishindwa kumuona kichwani.

Kila Alhamisi alipelekwa kwenye kliniki ndogo ya mazoezi kule Kawangware, karibu na kituo cha matatu cha 46, nami nilimsindikiza baada ya shule kwa sababu Mama alikuwa kazini. Daktari wa mazoezi alikuwa dada mwembamba mwenye sauti kubwa. Ukutani alikuwa amebandika picha ya ubongo, ambao mimi niliuona kama matumbo yaliyopangwa vizuri na mtu wa bucha. Siku ya kwanza alinionyesha kwa kalamu. Hapa, kama ukanda unaovuka kichwa toka sikio hadi sikio, ndipo amri za kusogeza viungo zinapotoka. Nyuma yake kuna ukanda mwingine wa kuhisi, unaojua kama kitu ni moto au baridi. Mkono na mdomo vimepewa nafasi kubwa, mgongo mzima umepewa kipande kidogo tu. Hapa, upande wa kushoto, maneno yanatengenezwa. Damu ilikuwa imekosa njia hapo hapo, ndiyo maana Baba hakuhisi pasi. Halafu akasema jambo lililonifanya nisimame.

"Na upande wa kushoto wa ubongo ndio unaosimamia mkono wa kulia. Wa kulia unasimamia wa kushoto. Nyaya zinapishana hapa shingoni."

Alinitazama akingoja nishangae. Watoto wengine hushangaa, aliniambia baadaye, na watu wazima hubisha. Mimi sikushangaa hata kidogo. Nilimuuliza tu kama ni Oti aliyeziweka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jibu. Mkono wa Baba haukuwa na shida yoyote. Ulikuwa balbu nzima kabisa. Shida ilikuwa kwamba aliye upande wa pili hajasikia hodi. Kesho yake mchana Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti mlangoni. Nilichukua mwiko wa ugali, nikasimama kushoto kwake, nikamgonga kichwa mara mbili juu kidogo ya sikio, kwa adabu, nikasema, "Tuwashie mkono." Nikangoja. Nikagonga tena kwa nguvu kidogo, maana Mama Atieno naye wakati mwingine huwa kwenye usingizi mzito. Baba alifungua jicho moja. Mama, aliyekuwa anaingia na kapu la nguo, aliona binti yake amesimama juu ya baba mgonjwa na mwiko.

Nitaruka sehemu inayofuata. Iliisha mimi nikieleza kwa kwikwi habari ya nyaya kupishana, na Mama Atieno, aliyesikia yote kupitia mabati, akicheka mpaka tukasikia akitafuta mahali pa kukaa. Na Baba alicheka. Alicheka upande mmoja tu wa uso, bila mpangilio, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya pasi, na Mama aliuweka mwiko chini.

Bado niliamini kwamba hii ni kazi ya fundi. Jumamosi nilimtafuta Oti, nikamkuta juu ya paa la saluni amekanyaga mabati kwa gambuti zake, nikamweleza kwamba baba yangu amekatika waya upande wa kushoto wa kichwa. Sikumbuki mtu mzima mwingine aliyenisikiliza vile. Alishuka. Alikuja hadi nyumbani, akavua glavu, akamzunguka Baba mara mbili akikuna kidevu, akauliza mkono gani, mguu gani, ilianza vipi. Mwishoni akatikisa kichwa.

"Hii siwezi gusa, Mwende," alisema. "Hii ameweka Mungu mwenyewe. Lakini nikuambie kitu ya fundi. Laini ikishakufa, hatuifufuagi. Tunatafuta kwenye kuna stima bado, tunapitishia huko. Inazunguka mbali, lakini inafika."

Alhamisi iliyofuata nilimpelekea daktari maneno ya Oti, nikiogopa atacheka. Aliweka kalamu chini. Alisema huyo Oti angefaa kuja kufundisha hapo kliniki. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini zile zilizo karibu nayo zinaweza kujifunza kazi yake ukizisumbua kila siku, tena na tena, mpaka zichoke kukataa. Ndiyo sababu ya kumfungua Baba vidole na kuvifunga mara mia. Na kwa maneno, aliuliza, huyu mzee anapenda kuimba?

Kuimba? Baba alikuwa besi ya kwaya. Daktari alituambia tujaribu wimbo anaoujua tangu utoto. Hapo hapo kliniki, kati ya mzee mwenye mkongojo na mama aliyevunjika nyonga, nilianzisha kwa sauti yangu ya mbuzi wimbo wa Kikamba ambao Baba alituimbia kila Krismasi. Mstari wa kwanza nilikuwa peke yangu. Wa pili, sauti ya chini ilianza kuvuma kama lori linalopanda mlima. Wa tatu, maneno yalitoka. Yote, kwa mpangilio, beti nne, kutoka kwa mtu ambaye asubuhi hiyo alishindwa kuomba maji. Yule mama wa nyonga alisema amina. Daktari alieleza kwamba wimbo hutumia sana upande wa kulia wa ubongo, na upande huo wa Baba ulikuwa mzima. Mimi nilielewa zaidi ya hapo: maneno yalikuwa yanapitia kwa jirani. Usiku nilianza kuwa na wasiwasi kwamba yakizoea njia hiyo, Baba atapona akiongea Kijaluo.

Tangu siku hiyo nyumba yetu iligeuka kanisa lisilofungwa. Baba alitakiwa kuimba kila alichotaka, kwa ile tuni moja aliyoizoea. Aliimba aletewe chai, tena isiwe na sukari nyingi. Aliimba kwamba anaenda choo, na ploti nzima ikajua na ikampisha. Mama Atieno alimjibu kutoka ng'ambo kwa sauti ya pili, na jioni walizimiana taa kwa kwaya. Wateja wakaanza kurudi, wengine kwa huruma, wengine kusikiliza tu. Mwalimu mmoja alikuja kuulizia kaptura, akaimbiwa kwamba itaisha kesho. Alisema angalau sasa anadanganywa vizuri.

Polepole tuni ilianza kupungua. Neno moja moja lilitoka kavu, bila wimbo: maji, Mwende, hapana. Vidole vya mkono wa kulia vilijifunza kufunga, kisha, kwa hasira nyingi, kufungua. Lakini mtu akimuuliza jambo lenye uzito, au akimharakisha, kila kitu kilikimbia na likabaki lile neno lake la zamani.

Shule zilifungwa. Baba mkubwa Mutua alikuja Jumapili baada ya ibada na koti lile lile, na safari hii alikuja na mwanamume wa kuangalia cherehani. Yule mwanamume aliikanyaga mara mbili tatu, akasema ni nzuri. Niliposikia inavyolia chini ya mguu wa mtu mwingine, nilitaka kumrukia. Baba alikaa kwenye kiti chake, shati limefungwa hadi juu, matone ya jasho kwenye paji la uso. Alianza kuimba kumkaribisha kaka yake, na Baba mkubwa akainua mkono.

"Usiniimbie, ndugu yangu. Niongeleshe. Kazi utarudi lini?"

Tulijua jibu. Mama alifumba macho. Ng'ambo ya mabati omena ziliacha kugeuzwa. Kama kuna swali moja duniani ambalo Baba alikuwa amelijibu kwa neno moja maisha yake yote, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, lilikuwa hilo. Niliuona mdomo wake ukijipanga kulisema. Ulimi ulishika nafasi yake. Nilisimama mbele yake bila kujua nitafanya nini, na sketi yangu fupi ya aibu, na macho yake yakashuka hadi pindo lake, yakakaa pale.

Alitoa futi ya kupimia shingoni kwa mkono wa kushoto. Akaiweka kwenye vidole vya kulia, akavifunga kimoja kimoja juu yake kama tulivyofanya kliniki, akanivuta karibu. Ncha ya futi ikagusa kiuno changu, ikateleza, ikarudi. Alinipima hadi chini ya goti. Kisha akamtazama kaka yake.

"Leo," akasema.

Sauti ya Mama Atieno ikapita ukutani, ya chini, ya mtu asiyeamini: "Amesema leo? Fundi?" Baba mkubwa mwenyewe alikuwa na suruali kwenye ule mlima, ya harusi ambayo mtoto wake alikuwa ameshazaliwa na kuanza kutembea. Alinong'ona kwamba tangu wazaliwe hajawahi kusikia ndugu yake akisema neno hilo. Halafu akatoa kitambaa, akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji, na akamwambia mwenzake waende.

Baba alikaa kwenye cherehani alasiri ile ile. Mimi niligeuza gurudumu pale mkono wake ulipochoka, na Mama alitia uzi. Sketi ilimalizika wiki mbili za muhula mpya zikiwa zimeshapita, kwa sababu leo ya fundi nayo ni ndefu. Pindo lake lilikuwa limeinamia kushoto. Niliivaa mpaka darasa la saba na sikumruhusu mtu yeyote ainyooshe.

Baba sasa ni mzee, anakaa Machakos kwa hiari yake, anaongea kwa sauti ya kutosha kuwachosha majirani, na bado anashona. Nilipohamia hapa Gatina, Nairobi, nyumba ya juu yenye madirisha makubwa na swichi zake zote ndani, ambazo bado nazitazama kwa mashaka kabla ya kuzigusa, alisema pazia za sebuleni ni zawadi yake. Alipima mwenyewe. Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, na sasa jua la asubuhi linaniingilia hadi kwenye kochi.

Juzi, baada ya kutupa ile blauzi, nilimpigia. Niliuliza habari ya mguu, habari ya ng'ombe, na mwisho habari ya pazia zangu. Nilimsikia akitafuta neno, na moyo wangu, kama kila mara, ukasimama kidogo. Maneno yote anayo sasa, ya Kikamba, ya Kiswahili, hata machache ya Kijaluo aliyofundishwa na Mama Atieno kupitia ukuta.

"Kesho," Baba akasema, na nikasikia anacheka, pande zote mbili.